Kufufua viwanda vilivyoachwa kwenye maeneo ya makaa ya mawe: mwongozo kamili kwa mifano ya bonde la Ruhr

Mgodi wa makaa ya mawe ukifungwa, hakibaki shimo peke yake. Hubaki minara ya winchi iliyowashusha wachimbaji chini, maghala, matanuri ya kuokea koki (makaa yaliyookwa kwa ajili ya kuyeyushia chuma), reli, vilima vya kifusi, mabwawa ya maji meusi, na mitaa ya watu ambao mishahara yao yote ilitoka hapo. Halmashauri nyingi zikikabidhiwa eneo la namna hii hulikimbilia swali la mwisho: tujenge nini? Mwongozo huu unashikilia mpangilio mwingine. Kwanza umiliki, kisha yaliyo chini ya ardhi, kisha sumu, kisha fedha na watu, na majengo mapya yaje mwisho. Anayeanza na majengo hulipa mara mbili, na malipo ya pili huwa ya kodi za wananchi.

Mifano mingi nimeitoa bonde la Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, kuanzia Duisburg hadi Dortmund. Katikati ya miaka ya 1950 migodi ya huko iliajiri karibu watu nusu milioni. Msukosuko ulianza 1958, na mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Katika miaka hiyo sitini watu wa Ruhr wamejaribu karibu kila kitu kinachoweza kujaribiwa juu ya ardhi ya mgodi. Mengine yamefaulu kwa kishindo, mengine yameanguka, na yote tunaweza kujifunza kwayo.

Hatua ya 1: Funga geti, zuia tingatinga

Kampuni inayoondoka hupenda kubomoa upesi. Chuma chakavu kina bei, na kiwanja kitupu hakihitaji mlinzi. Viongozi nao hupenda dalili za kushindwa ziondoke machoni pa watu. Ombeni amri ya kusimamisha ubomoaji hadi uchunguzi ukamilike. Jengo lililobomolewa leo haliwezi kupewa kazi miaka kumi ijayo.

Mgodi wa Zollverein, Essen, ndio ushahidi mkubwa. Shimo lake namba 12, lililosanifiwa na Fritz Schupp na Martin Kremmer, lilianza kazi 1932 na kufungwa tarehe 23 Desemba 1986. Serikali ya jimbo ililinunua eneo na majengo yakawekwa chini ya ulinzi wa urithi, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na mpango kamili wa kuyatumia. Mwaka 2001 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Leo jengo la kusafishia makaa ni makumbusho ya mkoa, na jumba la boila ni makumbusho ya usanifu wa bidhaa. Kama tingatinga lingeingia Januari 1987, Essen ingebaki na kiwanja kimoja zaidi cha kuuza katika mkoa uliojaa viwanja vya kuuza.

Kuzuia ubomoaji hakumaanishi kuyatelekeza majengo. Katika wiki za kwanza kateni umeme wa nguvu kubwa, ondoeni mafuta kwenye transfoma, zibeni paa zinazovuja, funikeni kila shimo na wekeni walinzi, kwa sababu wezi wa nyaya za shaba hufika kabla ya wapangaji miji. Chukueni nyaraka pia: ramani za njia za chini, michoro ya mitambo, daftari za pampu. Ofisi zikihamishwa, makaratasi hayo hutupwa mapema, na kuyatafuta upya kwa kuchimba visima vya uchunguzi ni ghali mno.

Hatua ya 2: Ijue ardhi ni ya nani, na deni ni la nani

Kwa miaka mingi Ruhr ilikwama hapa. Kampuni za makaa na chuma zilishikilia maelfu ya hekta zisizotumika na hazikutaka kuziuza. Zilihofia washindani ambao wangewachukua wafanyakazi wao, na zilihofia kudaiwa gharama za uchafuzi. Mwaka 1980 serikali ya jimbo la North Rhine-Westphalia ikaanzisha Mfuko wa Ardhi wa Ruhr. Kazi yake ilikuwa kuvinunua viwanja hivyo, kuvipima, kuvisafisha, kuvitengenezea barabara, kisha kuvikabidhi kwa miji na wawekezaji. Ufaransa Kaskazini nako kuliundwa chombo cha umma cha ardhi mwaka 1990 kwa shabaha hiyo hiyo. Naamini hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Mwekezaji binafsi huchagua kipande safi kilicho kando ya barabara kuu na kuyaacha mengine, ila chombo cha umma kinaweza kulibeba eneo zima.

Kabla ya kutia saini, chunguzeni mambo manne. La kwanza ni uwajibikaji kwa uchafuzi. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1998 ya kulinda udongo inaruhusu mamlaka kumfuata aliyechafua, mrithi wake kisheria, na pia mmiliki wa sasa. Manispaa inayouziwa mgodi kwa euro moja huenda ikawa imenunua deni la mamilioni. La pili ni haki za madini, ambazo mara nyingi haziko pamoja na hati ya ardhi ya juu. La tatu ni njia za watu wengine zinazokatiza eneo: mabomba ya gesi, nyaya za umeme, reli. La nne ni data: mkataba umlazimishe muuzaji kukabidhi kila ramani na kila kipimo alicho nacho.

Hatua ya 3: Soma historia ya kiwanja kabla ya kuchimba sampuli

Ukichora miraba kwenye ramani na kutoboa kila baada ya mita hamsini, utatumia fedha nyingi na utaikosa sumu. Anza na picha za angani za miaka mbalimbali, vibali vya ujenzi, na mazungumzo na wafanyakazi wastaafu. Fundi aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha koki anajua tangi gani lilikuwa likivuja na lami ilimwagwa wapi usiku. Mlipe kwa muda wake, mwandike jina kwenye ripoti.

Kiwanda cha koki ndicho mahali pachafu kuliko pote katika mgodi. Makaa yakiokwa bila hewa hutoa lami, benzini, fenoli, amonia na sianidi, na vyote hivyo huzama kwenye udongo na maji ya chini. Karakana na vituo vya umeme huacha mafuta yenye PCB, kemikali ya sumu ya transfoma za zamani. Majengo ya zamani yana asbesto. Yadi ya kuhifadhi mbao au matofali inaweza kuwa safi kabisa. Tenga eneo kwa kanda kufuatana na shughuli iliyokuwepo, kisha elekeza sampuli kwenye kanda mbaya. Pima udongo, maji ya chini na hewa iliyo kwenye udongo, kwa sababu benzini na methani, gesi ya makaa inayoweza kulipuka, hupanda kutoka chini.

Hatua ya 4: Yaliyo chini ya miguu

Hapa ndipo eneo la makaa linapoachana na kiwanda kingine chochote kilichofungwa, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasiwe na haraka.

Anza na mashimo ya zamani. Tarehe 2 Januari 2000, huko Wattenscheid, Bochum, ardhi ilifunguka katikati ya makazi na kumeza gereji na magari. Chini yake kulikuwa na shimo la mgodi uliosahaulika. Kila shimo la wima lazima lionekane kwenye ramani, lichunguzwe limejazwa kwa nini, na lizungushiwe eneo lisilojengwa. Njia za kina kifupi ni hatari zaidi kuliko za kina kirefu, kwani dari yake ikianguka tundu hufika juu.

Pili, kutitia kwa ardhi. Makaa yakiondolewa, tabaka la juu hushuka polepole, na kuna sehemu za Ruhr zilizoshuka zaidi ya mita 20. Ardhi ikishuka, mito haijui tena pa kwenda. Ndiyo sababu mto Emscher uligeuzwa kuwa mfereji wa wazi wa majitaka: mabomba yaliyozikwa yangevunjika kila ardhi iliposogea. Baada ya uchimbaji kuhamia kaskazini na ardhi kutulia, mwaka 1992 shirika la Emschergenossenschaft, lililoundwa 1899, lilianza kuweka mabomba chini ya ardhi. Kazi iligharimu takribani euro bilioni 5.5, na mwishoni mwa 2021 mto ukaacha kubeba majitaka. Kwa mhandisi wa manispaa maana yake ni hii: usizike mabomba wala usijenge majengo mazito hadi vipimo vya miaka kadhaa vionyeshe kwamba ardhi imetulia.

Tatu, maji. Pampu za mgodi zikizimwa, maji hupanda na kubeba chumvi na madini kuelekea vyanzo vya maji ya kunywa. Pampu za juu zikizimwa kwenye mabonde yaliyotitia, mitaa hufurika: karibu sehemu moja ya tano ya Ruhr ingekuwa ziwa. Wajerumani wanakiri waziwazi kwamba kazi hii haina mwisho. Haina mwaka wa kumalizika, na bajeti yake haiwezi kuwa ya mradi. Ulizeni mapema: nani atalipa umeme wa pampu baada ya miaka mia?

Nne, gesi. Methani huendelea kutoka hata mgodi ukifungwa. Majengo ya juu yake yanahitaji hewa ipite chini ya sakafu, vipima gesi, na wakati mwingine mabomba ya kuitoa. Mjini Herne, kwenye eneo la mgodi wa Mont-Cenis uliofungwa 1978, gesi hiyo ilikusanywa na kuendesha mtambo wa umeme na joto kando ya chuo cha mafunzo kilichozinduliwa 1999 chini ya paa kubwa la kioo na paneli za sola.

Maji yenye joto nayo ni mali. Mji wa Heerlen, Uholanzi, tangu 2008 unapasha na kupooza majengo kwa maji ya migodi iliyofungwa tangu miaka ya 1960 na 1970. Kama tayari mnalazimika kupampu, kupoteza joto hilo ni hasara ya makusudi.

Mwisho wa hatua hii ni vilima vya kifusi. Tarehe 21 Oktoba 1966, huko Aberfan, Wales, kilima kilichorundikwa juu ya chemchemi kiliporomoka na kuua watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Hakuna bustani, ngazi wala jukwaa la kutazamia mandhari litakalowekwa juu ya kilima kabla mhandisi hajapima mteremko, mifereji ya maji na joto la ndani, kwa sababu vilima vyenye mabaki ya makaa vinaweza kuwaka ndani kwa miaka mingi bila moshi kuonekana. Kilima kikishathibitika kuwa salama, hugeuka kuwa zawadi kwa watu wa tambarare: mnara wa pembetatu wa Bottrop uliojengwa 1995 juu ya kifusi hupandwa na familia kila wikiendi.

Hatua ya 5: Amua sumu itakaa wapi

Kuna njia tatu. Kuchimba na kuhamishia udongo kwenye dampo maalumu ni ghali, na huipeleka shida kwa jirani. Kusafisha papo hapo kwa hewa, bakteria au kwa kupampu maji hufaa kwa baadhi ya kemikali, na huchukua miaka. Kufunika na kuzuia ndiko kunakotumika sana: tabaka la udongo mfinyanzi, utando, udongo safi, kisha miti.

Bustani ya Duisburg-Nord ilitumia akili ya kuchanganya njia hizo. Kiwanda cha chuma cha Thyssen huko Meiderich kilifungwa 1985. Msanifu mandhari Peter Latz aliyaacha matanuri yasimame, udongo mbaya zaidi ukafungiwa ndani ya mabanda ya zege ya kuhifadhia madini, na sehemu zenye uchafu mdogo zikaachiwa miti ijiotee. Mfereji wa zamani wa majitaka ulizikwa kwenye bomba, na juu yake ukapita mfereji mpya wa maji ya mvua. Wakazi wa pwani ya Kenya wamewahi kuona kitu cha aina hii: kule Bamburi, machimbo ya saruji yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971, na sasa ndiyo Haller Park.

Kanuni yangu katika hatua hii: kiwango cha usafi kitokane na matumizi, na matumizi yatokane na uchafu. Chekechea iende kwenye yadi ya mbao, maegesho ya malori yaende juu ya kiwanda cha koki. Anayelazimisha kinyume chake atachimba hadi fedha ziishe.

Hatua ya 6: Fedha za kusafisha na fedha za milele

Tenganisheni mifuko miwili. Mmoja ni wa kazi zenye mwisho, yaani kusafisha, kukarabati, barabara. Huo unaweza kuchanganya ruzuku, mikopo na mauzo ya viwanja. Wa pili ni wa kazi zisizo na mwisho: maji ya mgodini, pampu za mabonde, usafi wa maji ya chini. Ujerumani iliunda wakfu wa RAG-Stiftung mwaka 2007, ukapewa hisa za kampuni ya kemikali inayoitwa leo Evonik, na baada ya 2018 mapato yake ndiyo yanalipia kazi hizo. Fedha hizo zilitengwa migodi ikiwa bado inafanya kazi. Kwa mgodi unaochimbwa leo, kama wa Ngaka mkoani Ruvuma, wakati wa kudai akiba ya kufungia ni huu, malori yakiwa bado yanapakia.

Hatua ya 7: Watu waingie mapema

Mtaa wa Eisenheim, Oberhausen, ulioanza kujengwa 1846 kwa ajili ya wafanyakazi, ulipangiwa kubomolewa. Wakazi waliungana miaka ya 1970 na kuunusuru. Walichokilinda ni bustani za nyuma, majirani na kodi nafuu, vitu ambavyo mpango wa mipango miji ulikuwa hauvioni.

Kati ya 1989 na 1999 maonyesho ya ujenzi ya IBA Emscher Park, chini ya Karl Ganser, yaliendesha takribani miradi 120 katika miji 17. Shirika lenyewe lilikuwa dogo na halikuwa na fungu kubwa la ujenzi. Lilichokuwa nacho ni uwezo wa kuweka masharti ya ubora na kuisukuma miradi mizuri kwenye foleni ya ruzuku. Hilo linaigika hata na mkoa usio na utajiri.

Anzeni na matumizi ya muda, yenye gharama ndogo. Duisburg-Nord, klabu ya wapanda milima iligeuza kuta za zege kuwa mahali pa mazoezi, na tangi la gesi likajazwa maji kwa ajili ya wapiga mbizi. Hakuna mshauri ambaye angependekeza hivyo kwenye karatasi. Vilitokana na watu waliopewa funguo.

Hatua ya 8: Chagua kazi za kudumu, wala usimtegemee mwajiri mmoja

Bochum inafaa kusomwa kwa makini. Mwaka 1962 Opel ilifungua kiwanda cha magari juu ya ardhi ya mgodi wa Dannenbaum, na watu wakaamini enzi ya makaa imepata mrithi. Desemba 2014 kiwanda kikafungwa, na ardhi ile ile ikahitaji kufufuliwa mara ya pili. Sasa inaitwa Mark 51°7, imegawanywa kwa kampuni na taasisi nyingi. Upande wa pili wa mji, chuo kikuu kilichoanza kufundisha 1965 kingali pale, na kinaendelea kuajiri.

Maduka makubwa nayo ni mtego. CentrO ya Oberhausen, iliyofunguliwa 1996 kwenye ardhi ya kiwanda cha chuma, ilijaza wateja, huku kitovu cha mji wa zamani kikizidi kupungukiwa. Hata jengo zuri halitoshi: Zollverein ilijengewa mwaka 2006 shule ya uongozi na usanifu, kazi ya wasanifu wa SANAA kutoka Japani, yenye kuta zilizopashwa kwa maji ya mgodini. Shule ilifungwa baada ya miaka michache. Jengo liliokoka kwa sababu lingeweza kupokea mpangaji mwingine. Kila jengo mnalokarabati liulizwe: mpangaji wa kwanza akiondoka, nani mwingine anaweza kuingia bila kuvunja ukuta?

Wachimbaji wa zamani wasisahaulike katika hesabu hii. Mbunifu wa programu anayehamia kutoka mji mwingine haijazi nafasi ya fundi wa winchi mwenye miaka 48. Wekeni kwenye mikataba ya ukarabati masharti ya kuajiri wenyeji, kwani ubomoaji, uchomeleaji, pampu na upandaji miti ni kazi ambazo tayari wanaziweza.

Hatua ya 9: Ardhi ikipanda bei

Huko Hörde, Dortmund, kiwanda cha chuma kilifungwa 2001, mitambo ikafunguliwa na kusafirishwa hadi China. Mahali pake pakachimbwa ziwa la Phoenix, lenye ukubwa wa hekta 24, lililoanza kujazwa Oktoba 2010. Nyumba za ufukweni zikawa za wenye uwezo, wakati mtaa wa zamani wa wafanyakazi uko hatua chache tu nyuma. Kinga yake ni kuamua kabla ya mauzo: asilimia fulani ya viwanja ibaki mikononi mwa umma au vyama vya ushirika vya nyumba, na ardhi ikodishwe kwa muda mrefu badala ya kuuzwa yote. Baada ya bei kupanda, hakuna fedha za kuvirudisha viwanja hivyo.

Hatua ya 10: Matunzo

Chuma kinachoachwa kwenye mvua huoza, hata kikiwa kwenye orodha ya UNESCO. Kabla ya uzinduzi gawa miundo katika makundi matatu: itakayotumika na kukarabatiwa kikamilifu, itakayobaki kama gofu salama, yenye njia za wageni na ukaguzi wa kila mwaka, na itakayozungushiwa uzio izeeke yenyewe. Kila kundi liwe na gharama yake ya mwaka, pamoja na rangi ya kuzuia kutu, ukaguzi wa boliti, upimaji wa methani na maji ya chini, na kupogoa mizizi ya miti inayopasua zege. Namba hizo ziingie kwenye bajeti ya kawaida ya manispaa mwaka ule ule wa makabidhiano, na atakayepokea funguo atie saini kwamba ameziona.